Sona ya boti inadanganya, au tumeifunga vibaya? Uzi wa kuchagua, kufunga na kutafuta ubovu (maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi)

Bildi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nianze kwa kujiaibisha ili wengine mpate ujasiri wa kuuliza. Siku ya kwanza nilipofunga sona (kifaa cha kupima kina na kutafuta samaki kwa sauti) kwenye boti yangu nilivua saa mbili nzima juu ya samaki ambao hawapo. Skrini ilikuwa inapendeza kweli: kina mita 14, tao nene (alama ya samaki) baada ya tao nene, sakafu inapanda na kushuka kama vilima. Nikashusha mshipi. Mita 5 hivi chubwi ikagota, mshipi ukalegea. Nikasema labda niko juu ya mwamba. Nikasogea. Mshipi ukalegea tena mita 5. Skrini bado 14. Ndipo nikaona pembeni juu, kwa herufi ndogo za kijivu, kwamba kifaa kiko kwenye hali ya maonyesho. Plagi ya transdusa, kile kipande cha chini ya maji kinachopiga na kusikia sauti, haikuwa imezama mpaka mwisho, kifaa kilipowaka hakikuiona, kikaniuliza swali, nami nikabonyeza "ndiyo" bila kusoma. Nilikuwa naangalia sinema.

Tangu siku hiyo siingii majini bila uzi wenye chubwi wa kupimia kina, bildi ya kizamani, na ndiyo asili ya jina langu humu. Na ninachokiamini mpaka leo ni kwamba sona nyingi zinazouzwa kwa hasira ni nzima. Ubovu uko pale ilipofungwa transdusa, au kwenye waya wa umeme. Watu wanamaliza pesa kwenye skrini wakati kazi yote inafanywa na kile kipande cha plastiki kilicho chini ya maji.

Kwa wageni: transdusa ndiyo mdomo na ndiyo sikio. Inapiga mlio, mlio unagonga chini, unarudi, kifaa kinapima muda uliopita. Kwenye maji baridi yenye joto la nyuzi 20 sauti hukimbia karibu mita 1,480 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi kwenye kina cha mita 10 ni kama milisekunde 13 na nusu. Kifaa hakioni samaki. Kinajua muda na nguvu ya mwangwi, basi. Na kinachorudisha mwangwi zaidi kwenye mwili wa samaki ni kibofu chake cha hewa, maana nyama yake kwa sauti inakaribia kufanana na maji yenyewe. Hewa ndiyo inayoonekana. Lishikeni hilo, kwa sababu viputo vya nyuma ya boti navyo ni hewa.

Sasa kuchagua. Swali la kwanza ni unavua kina gani, halafu ndiyo mengine. Mlio unatoka kama mwanga wa tochi, unapanuka kadiri unavyoshuka. Transdusa ya 200 kHz (kilohezi, kipimo cha masafa ya sauti) mara nyingi ina mwale wa nyuzi 20 hivi: kwenye mita 10 inamulika duara la mita 3.5. Ya 83 kHz inaweza kufika nyuzi 60, na hapo kwenye mita 10 unamulika mita 11.5. Mwale mpana unakusanya samaki wengi lakini hauambii yuko upande gani; mwembamba unaona kidogo lakini unachokiona kiko chini yako kweli. Masafa ya chini kama 50 kHz yanafika mbali, ni ya kina kikubwa. Kwa sisi wa maji yasiyozidi mita 30 au 40, 200 kHz inatosha na kubaki.

Zile zenye CHIRP hazipigi sauti moja, zinapiga mlio unaopanda kutoka masafa ya chini kwenda ya juu kwa pigo moja. Faida yake ni kutenganisha samaki waliokaribiana, au samaki aliyelala karibu na tope. Kama bajeti inaruhusu chukua. Picha za chini na za pembeni (455 kHz, 800 kHz na kuendelea) ni za kusoma mazingira: gogo lenye matawi unaliona ni gogo lenye matawi, wakati sona ya kawaida inakuonyesha fungu tu. Ya pembeni kwangu ndiyo inayofaa zaidi kwenye maji mafupi. Fikirieni: kwenye mita 2, mwale wa nyuzi 20 unamulika sentimita 70. Boti yenyewe ni pana kuliko hapo, na samaki yeyote mwenye akili ameshakimbia kivuli chako.

Ulizeni, nipo.

Nanga Nzito

Uzi mzuri mkuu, ila nakupinga kwenye skrini. Nimeanza na ya inchi 4, mchana jua likiwa kichwani nilikuwa nafunika kofia ili nione. Halafu miwani ya kukata mng'ao wa maji: kuna skrini ukiivalia hiyo miwani inakuwa nyeusi tii, mpaka uinamishe kichwa kama kuku. Mtu akiweza aende nayo dukani aijaribu kabla hajatoa pesa. Skrini si urembo.

Bildi

Nakubali, nimesema kwa ukali. Na nikuongezee silaha: angalieni idadi ya nukta za skrini kwa wima, msiishie kwenye inchi. Skrini yenye nukta 480 kwa wima, ukiiweka ionyeshe mita 24, kila nukta inabeba sentimita 5 za maji. Samaki mwenye kimo cha sentimita 10 ni nukta mbili. Ukifunga kiwango cha kina kwenye mita 12 badala ya kuacha kijipangie chenyewe, unapata sentimita 2.5 kwa nukta, bila kununua chochote.

Kambare Mweusi

Mimi swali langu la siku nyingi. Kila mtu anasema tafuta matao. Yangu haijawahi kuchora tao hata siku moja, ni vistari na madoa. Na samaki napata! Transdusa mbovu?

Bildi

Nzima kabisa mkuu. Tao ni hesabu. Samaki akiingia kwenye ukingo wa mwale yuko mbali kidogo na transdusa kuliko akiwa katikati, kwa hiyo anachorwa chini, anapanda, anashuka tena. Kwa samaki aliye kwenye mita 10 na mwale wa nyuzi 20, tofauti hiyo ni sentimita 15 tu. Kwenye skrini niliyotaja hapo juu ni nukta tatu! Utaona kistari. Kwa mwale wa nyuzi 60 tofauti ni mita moja na nusu, hapo tao linajichora kama upinde wa mvua.

Halafu lazima kitu kisogee. Ukitia nanga na samaki katulia chini yako, unapata mstari mrefu wa kulala ambao hauishi. Skrini ni kama karatasi inayovutwa: ukingo wa kulia ni sasa hivi, kilichobaki chote ni historia. Nimeona watu wanatupa ndoano kumfuata samaki aliye katikati ya skrini. Huyo alipita nusu dakika iliyopita.

Mgeni Majini

Afadhali mnisaidie na mimi. Kwenye menyu kuna vile vipicha vya samaki na kina kimeandikwa juu yake, na mlio "tiii" kila akipita. Niviwashe? Naona raha kweli.

Nanga Nzito

Zima.

Bildi

Zima, hahaha. Programu inakisia tu: mwangwi wowote ulioelea unavishwa mapezi. Tawi la mti, kiputo kinachopanda kutoka kwenye tope, chubwi yako mwenyewe. Nilishawahi kuona "samaki" anapanda na kushuka kila nikiinua fimbo. Nilikuwa najivua mwenyewe.

Kambare Mweusi

Sawa la tao nimeelewa. Sasa kwa nini kambare siwaoni kabisa, na ndio ninaowavua? Ndoano inagusa chini, dakika tano tu kashika. Skrini tupu.

Bildi

Hapo umegusa kitu ambacho maboksi hayaandiki. Ile tofauti ya ukingo na katikati inakudhulumu pia kwenye sakafu. Kifaa kinachora chini pale mwangwi wa kwanza wa sakafu unaporudi, ambao ni wa katikati, njia fupi. Samaki aliyelala ukingoni mwa mwale akiwa amebana sakafu, mwangwi wake unafika baada ya sakafu kuanza kuchorwa. Amefunikwa. Kwa nyuzi 20 kwenye mita 10 kivuli hicho ukingoni ni sentimita 15. Kwa nyuzi 60 ni mita moja na nusu. Kambare mzima na ndugu zake wote wanaingia hapo. Kwenye mteremko ndiyo mbaya zaidi, upande wa juu wa mteremko unarudi kwanza na kuficha kila kilicho upande wa chini.

Kwa hiyo wewe wa samaki wa chini tumia mwale mwembamba, pita polepole, na kama kifaa kina kukuza mita mbili za mwisho juu ya sakafu, kiache hapo. Rangi nayo isome: samaki aliyebana tope mara nyingi ni kijivimbe chenye rangi kali juu ya mstari wa sakafu.

Shetri

Wakuu mimi ni mtu wa umeme wa boti, niingie hapo kidogo maana naona mnazunguka.

Malalamiko matatu ninayoletewa sana. Moja: "Nikiwasha injini sona inazima na kuwaka." Stata inapovuta, volti za betri zinaanguka, na vifaa vingi havivumilii chini ya volti 10. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.7, ikisoma 12.0 imebaki na kidogo sana. Pima kwenye plagi ya sona yenyewe huku sona ikiwa imewaka, sio kwenye betri huku kila kitu kimezimwa. Nimepima boti betri ina 12.6 na kwenye plagi kuna 10.9. Zilizobaki zilipotelea kwenye kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa gundi ya mkanda. Nilipokifungua kilikuwa na unga wa kijani.

Pili: mistari mistari, vidoti kama mvua skrini nzima. Hiyo ni kelele ya umeme. Dawa yake ni uvumilivu: zima kila kitu, boti isimame, washa sona peke yake kwa betri yake. Safi? Washa kimoja kimoja: pampu, redio, mota ya umeme, injini. Kitakachochafua skrini ndicho. Mota ya umeme ndiyo mshukiwa namba moja, hasa waya wake ukilala bega kwa bega na waya wa transdusa. Vitenganishe. Sona iwe na betri yake na fyuzi yake, amperi ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Injini ya petroli ikiwa ndiyo mkosaji angalia plagi za cheche, ziwe zile zenye rezista (kizuizi cha ndani kinachopunguza kelele ya umeme).

La tatu nalisema kwa uchungu: waya wa transdusa HAUKATWI. Ukiwa mrefu usiukate ukaunge. Ndani kuna nyuzi zilizofunikwa kwa kinga, ukiunga kienyeji umetengeneza antena. Waya uliozidi usiukunje duara, ukunje kwa umbo la nane.

Nanga Nzito

Na mistari ya mshazari inayokatiza skrini, kama nyuzi za mvua ya upepo, umeme ukiwa safi?

Shetri

Kuna boti jirani yenye sona ya masafa yaleyale. Au ni wewe mwenyewe una mbili, moja omo (mbele) na moja tezi (nyuma). Badilisha masafa ya moja.

Mgeni Majini

Ubarikiwe Shetri. Haya tatizo langu halisi. Boti ya alumini, injini ya nje. Nikisimama au nikienda polepole sona iko vizuri kabisa. Nikifungua mafuta, kina kinaanza kuwaka na kuzima, halafu kinaganda kwenye namba ya mwisho. Nimeshabadilisha kila kitu kwenye menyu. Fundi mmoja ameniambia transdusa imekufa.

Bildi

Transdusa iliyokufa haifufuki ukipunguza mwendo. Hiyo ni hewa inapita chini yake. Iko wapi hasa? Upande gani, na mbele yake kwenye bati kuna nini?

Mgeni Majini

Kushoto, kama shibiri moja na nusu kutoka kwenye propela. Mbele yake... ngoja nikaangalie.

Kasia

Wakati tunamsubiri, naomba msaada wa mtumbwi. Ni wa faiba, napiga kasia, sina injini. Sitaki kutoboa.

Bildi

Faiba ya tabaka moja unaweza kubandika transdusa ndani kwa epoksi (gundi inayoganda ngumu) ikapiga sauti kupita kwenye faiba. Usilete kwenye mbao, alumini, wala faiba yenye sponji katikati. Kabla ya kubandika jaribu: weka transdusa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji, ukandamize mahali unapotaka, linganisha na kusoma ikiwa imening'inizwa nje. Epoksi isiwe na kiputo hata kimoja. Ila utapoteza vipimo vya joto la maji (utapima joto la mtumbwi) na picha za chini na pembeni hazipiti vizuri humo. Kama unazitaka hizo, tengeneza mkono wa kubana ubavuni, unashusha ukifika, unapandisha ukiondoka.

Betri: sona ndogo inayokula amperi 1, kwenye betri ya risasi ya amperi-saa 7 usitegemee zaidi ya saa 3 au 4, maana kuinyonya zaidi ya nusu ni kuiua.

Kambare Mweusi

Mimi kwenye maji mafupi nilipata kioja kingine. Nipo mita 2, naona mwamba kabisa kwa macho, sona inasema 4.

Bildi

Sakafu ngumu. Mlio umegonga chini, ukarudi juu, ukagonga uso wa maji, ukashuka tena, ukarudi. Kifaa kimeshika mwangwi wa pili. Punguza usikivu, weka kiwango cha kina kwa mkono mita 4 au 5. Lakini mwangwi wa pili usiuchukie: kwenye maji marefu zaidi, ukiongeza usikivu kidogo ukauona, chini ni pagumu, mwamba au changarawe. Ukipotea na sakafu ikafifia, umeingia kwenye tope. Mimi natafuta mpaka wa hayo mawili.

Nanga Nzito

Kuna pia ule mstari wa kulala katikati ya maji, hafifu, unakwenda nao kilomita nzima. Nilidhani ni kelele.

Bildi

Ni pale maji ya juu ya moto yanapokutana na ya chini ya baridi. Hapo joto linabadilika ghafla na vijidudu vinakusanyika. Usiufute kwa kichujio cha kelele, ni zawadi. Chini yake msimu wa joto hewa ya kupumulia inaweza kuwa haba, na samaki wakakaa juu ya mstari au palepale. Ukiuona kwenye mita 8 huna sababu ya kuvua mita 20.

Kasia

Na zile sona za mubashara, unaona samaki anageuka kuifuata chambo?

Nanga Nzito

LiveScope za Garmin zilitoka 2018, wengine wakafuata. Nimepanda boti ya rafiki akaniwashia, sikushika fimbo dakika kumi, nilikuwa nashangaa tu. Ila zinakula betri, zinataka mtu wa kuizungusha, na mwale wake ni mwembamba, ukikosa mwelekeo unaona giza. Kwa mtumbwi wa kasia ningesubiri. Uvuvi umeishi na sona tangu Furuno wa Japani walipotoa yao 1948, na hao waliiuzia meli. Lowrance wa Marekani wakaishusha kwenye boti ndogo mwishoni mwa miaka ya 1950, na watu wakaanza kugombana nayo.

Mgeni Majini

Nimerudi. Nimelala chini ya boti na tochi. Mbele ya transdusa, kwenye mstari mmoja nayo kabisa, kuna ribiti saba, na ya mwisho imetokeza kama kifungo cha shati.

Shetri

Hahaha. Fundi apewe kikombe.

Bildi

Kesi imekwisha. Kila ribiti inachana maji na kuacha mkia wa viputo, na transdusa yako inakunywa mikia saba. Ihamishe. Kwa propela inayozunguka kulia, kama saa ukiitazama kwa nyuma, weka upande wa kulia, ambako panga zinashuka. Iwe angalau sentimita 38 kutoka kwenye propela. Tafuta njia iliyo laini kutoka mbele mpaka tezi, bila ribiti, mbavu wala tundu la kutolea maji. Uso wa transdusa ushuke chini ya bati kama milimita 10 (kwa faiba 3 zinatosha), na ulale sambamba na maji boti ikiwa inakimbia, sio ikiwa kwenye trela. Na usitoboe bado! Bana kwanza kwa ubao na klampu, kimbia nayo, ukiridhika ndiyo utoboe.

Ukiwa huko chini, osha uso wake kwa sabuni laini na kidole. Ute wa kijani unashika viputo, na hata transdusa mpya ina mafuta mafuta ya kiwandani. Usitumie petroli wala thina ya rangi.

Mgeni Majini

Jumamosi naingia majini, nitaleta majibu.

Mgeni Majini

Majibu. Nimebana kulia kwa klampu, nikashusha kidogo kidogo mara nne. Mara ya tatu kina kilishika mpaka mwendo mkubwa kabisa wa boti. Mara ya nne nilishusha mno, ikawa inarusha maji kama jogoo anavyorusha mchanga, nikairudisha. Na uzi wa chubwi nilibeba, Bildi: skrini 6.2, uzi mita 6 na kitu. Nimetoboa, nimefunga. Fundi nimempigia kumwambia, amesema "si nilikwambia ni transdusa".

Shetri

Matundu ya zamani kushoto umeziba?

Mgeni Majini

…

Mgeni Majini

Naenda kuziba.